Sema Jina Lako na Kitu Ulichochukua

Kwanza nisiwadanganye: hakuwa mtu mpole. Watu wakishazeeka hupakwa upole na wanaowasimulia, hata waliokuwa na ulimi wa wembe. Yule mama alikuwa na sauti ya kufukuza korongo kutoka upande mmoja wa ufuo hadi wa pili, na aliitumia kwa korongo na kwa binadamu bila kubagua. Sote tulimwita Chairlady, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, na nadhani hata marehemu mumewe alimwita hivyo hivyo wakiwa mezani.

Ufuo wetu uko upande wa Mbita. Mimi si wa huko. Nilifika nikiwa bi harusi, nikimfuata mume wangu aliyekuwa amefungua duka la leso, ndoo, kamba na sabuni, na mlango wa duka ulitazama moja kwa moja uwanja wa kuanikia. Kidholuo changu mpaka leo ni cha kuchekesha watoto, kwa hiyo Chairlady alisema nami Kiswahili chake cha sokoni. Aliniita nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba kwetu ni Voi.

"Voi iko wapi?" aliniuliza.

Nikamwelekeza kadiri nilivyoweza.

"Basi ni Mombasa," akasema, na jina likanikaa.

Alikuwa na kreti yake kuukuu ya soda, akiigeuza chini juu na kuikalia, miguu kaipanua, leso kaifunga shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Chai yake ilikuwa na sukari ya kuweza kusimamisha kijiko. Kanisani, sauti ikinifikia hata mimi Mwislamu dukani, aliimba juu kuliko wote, na mara nyingi nje ya wimbo, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Nilipokuwa mgeni niliogopa ziwa, sikutaka hata kulowesha vidole, akanicheka hadi machozi. "Nyar Mombasa, hii ziwa haina shida na wewe. Hata haikujui." Niliudhika siku hiyo, ila kesho yake niliingia majini hadi magotini.

Tena alikuwa mjanja, tuseme yote. Gorogoro yake, lile kopo la kilo mbili tunalopimia omena, ilikuwa imebonyea kitako kwa ndani, na kila mnunuzi aliyejua kuangalia aliona kwamba kilo mbili za Chairlady zilikuwa na upungufu wake. Ukimuuliza alisema kopo lilianguka juu ya mawe. Nikamuuzia jipya kwa mkono wangu mwenyewe. Haukupita muda, nalo likaanguka juu ya mawe. Nilimtania kwamba hayo mawe yanamchukia yeye peke yake katika ufuo mzima, akaniambia nichunge duka langu.

Ndiyo maana wageni walishangaa waliposikia kwamba huyohuyo ndiye hakimu wetu wa wizi.

Niwaeleze wizi wenyewe ulivyokuwa. Omena huanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu, kila mama na kipande chake, na samaki hao hawana kufuli. Ukienda kunywa maji, jirani anaweza kukwapua beseni zima. Kulikuwa pia na kamba zilizopotea kwenye mitumbwi, kuku, simu zilizoachwa juu ya jiwe. Vitu vidogovidogo, lakini vya watu wadogowadogo, na aliyepotelewa na beseni moja wakati mwingine alikuwa amepotelewa na chakula cha jioni. Katika fuo nyingine mwizi alipigwa, au aliitiwa chifu. Chairlady hakutaka hata moja kati ya hayo mawili. "Ukipiga yeye, ataiba na makovu," alisema. "Ukiita polisi, watabeba yeye na kitu pia, na mwenye kitu atabaki na hasira peke yake."

Desturi yake ilikuwa hii. Jua likiwa utosini, kina mama wote wakiwa uwanjani wanageuza omena, mwizi alipita katikati ya nyavu akiwa amebeba kile kitu kwa mikono yake mwenyewe, au kitu cha kukifidia kama alikuwa amekwisha kukila, hadi kwa mwenye kitu. Hapo alisema jina lake na kitu alichochukua, kwa sauti ya kusikika hadi kwangu dukani. Kuomba msamaha hakukuwa sharti. "Pole ni rahisi," Chairlady alisema. "Hata mimi nimesemea pole watu sikupenda. Sema jina lako na kitu ulichochukua." Akishasema, alipewa kikombe cha chai, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kulitaja tena jambo lile. Mama aliyelitaja aligeuza omena za mwenzake kutwa nzima.

Nakumbuka shemasi mmoja, mtu mzima mwenye koti, aliyechukua kamba ya nanga ya mtumbwi wa watu. Alimwendea Chairlady asubuhi akamsihi ayamalizie ndani ya nyumba, watu wachache, na maombi. Mama akamsikiliza hadi mwisho.

"Shemasi, hiyo kamba uliitoa ndani ya nyumba?"

"Hapana, mama. Ilikuwa nje."

"Basi itarudi nje."

Na kamba ikarudi nje, na koti juu, na jua lote lile. Nilidhani hataonekana tena kanisani. Jumapili, waliniambia, alikuwa pale, akapitisha sadaka, na hakuna aliyekohoa. Mama mwingine, ambaye sasa ana kibanda chake sokoni Homa Bay, aliwahi kuniambia kwamba siku yake alitamani ardhi immeze, lakini alipofika mwisho wa kile kikombe cha chai alijihisi mtu tena. Watu waliopita katikati ya zile nyavu sikuwaona wakirudia. Hilo nililishuhudia, na nilimheshimu Chairlady kwa hilo kuliko nilivyoheshimu wenye vyeo.

Alikuwa na watoto kadhaa, wote wameshaondoka kwenda kwao, isipokuwa Ochieng', kitinda mimba wake. Huyo alikuwa kijana mwenye ndevu tayari, mzuri wa sura, mwenye kicheko cha kukufanya umsamehe kabla hujajua kosa. Alivua siku akitaka kuvua. Mama yake alimpenda kwa namna iliyonichekesha. Ukiwakuta wanakula samaki wa mbuta, Chairlady ndiye aliyechambua mifupa, vipande vyeupe akivisukuma upande wa mwanawe, na yule mwanamume mzima akila huku anatazama simu. Nilimuuliza kama atamchambulia na atakapooa.

"Akikwama mfupa, wewe utanizalia mwingine?" akanijibu.

Betri yangu ya sola ilipoibwa kutoka nyuma ya duka, niliripoti kwake kama kila mtu. Siku chache baadaye, alfajiri, kabla sijafungua, Chairlady alibisha mlango wa nyuma akiwa na betri chini ya leso. Alisema aliiokota kwenye njia ya chooni. Nilifurahi nikampimia sukari ya shukrani, naye akaikataa. Hapo ndipo ningepaswa kushangaa, kwa maana sijawahi kumjua Chairlady akikataa sukari, lakini nilikuwa nimeshikwa na furaha ya betri yangu.

Na si mimi peke yangu. Ikawa mtindo katika ufuo wetu kwamba vitu vinapotea halafu vinaokotwa. Jogoo wa fulani aliokotwa. Simu iliokotwa juu ya ukuta wa kanisa. Watu wakaanza kusema kuna mwizi mwoga anayerudisha vitu gizani, na wakaanza kujiuliza ni nani huyo anayetembeatembea alfajiri.

Aliyetembea alfajiri alikuwa Mwita.

Mwita alitoka Kehancha, Mkuria, mwembamba, mwenye adabu nyingi na maneno machache. Baba yake aliuza ng'ombe waliowekwa kwa ajili ya mahari yake ili anunue pikipiki, kwa mapatano kwamba pikipiki itazaa ng'ombe wengine. Alikuja kwetu mara ya kwanza kuleta mahindi, akaona magunia ya omena yanavyohitaji kufikishwa barabarani mapema, akabaki. Kila asubuhi kabla ya mapambazuko alikuwa tayari anafunga magunia kwenye pikipiki kwa kamba ya mpira. Kidholuo hakukijua, kwa hiyo alinizoea mimi, mgeni mwenzake, na aliniita dada. Alinunua kwangu sabuni ya kuoshea pikipiki kuliko ya kuogea.

Siku gunia la omena la mjane mmoja lilipopotea, mimi nilikuwa nimekwenda Homa Bay kuleta bidhaa. Nilichokuta niliporudi ni alama nyeusi mchangani na chuma kilichopinda. Mume wangu alinisimulia. Mtu alikuwa ameuona mfano wa lile gunia sokoni Mbita. Vijana wakauliza, nani anabeba magunia? Nani anaamka kabla ya watu? Nani si wa hapa? Hawakuhitaji swali la nne. Walimkamata Mwita, wakaichoma pikipiki, na walikuwa wameshaokota mawe wakati Chairlady alipofika mbio, leso imeanguka, akajiweka kati yao na yeye.

"Mwacheni aende kwao," alisema. "Msiue mtoto wa watu."

Wakamwacha. Alitembea hadi barabarani kwa miguu, bila viatu, na hatukumwona tena. Mchungaji alimtaja Chairlady kanisani kama mfano wa huruma. Mimi pia nilimwendea nikamshika mikono nikamshukuru, maana nilijua bila yeye yule kijana angekufa. Alinitazama kama mtu anayeumwa jino. Baada ya siku hiyo aliacha kusikiliza kesi za wizi. Tulidhani ni uzee, na desturi yetu ya adhuhuri ikafa taratibu, watu wakarudia chifu na mawe.

Miaka imepita. Ochieng' alihamia Migori mjini, na habari zake zilitufikia vipandevipande: amekamatwa na simu ya mtu, ametoka, amekamatwa na kioo cha gari, ametoka. Chairlady miguu ilimvimba, akaacha kuja ufuoni. Kreti yake ilikaliwa na mwingine. Nami nilikuwa nikimpelekea sukari Ijumaa baada ya swala, tukakaa tukisengenya wanunuzi.

Ijumaa moja mwaka huu hakusengenya mtu. Aliniambia nifunge mlango.

"Nyar Mombasa, ile betri sikuokota."

Akaniambia yote. Betri aliikuta chini ya kitanda cha Ochieng'. Jogoo pia, simu pia. Kila mara alimgombeza mwanawe chumbani, akalia, kisha akakirudisha kitu mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini hakumpitisha katikati ya nyavu kama alivyowapitisha wengine. "Angecheka," akasema. "Ama angelia. Sikujua gani, na sikutaka kuona." Halafu akanieleza kuhusu gunia. Siku ya Mwita, kabla ya kelele kuanza, alikuwa amelikuta gunia tupu la mjane nyuma ya jiko lake. Alikimbia pale ufuoni akiwa analijua jina. Alilibeba mdomoni hadi mbele ya wale vijana, na lilipofika kwenye ulimi akalimeza, akasema mwacheni aende kwao.

Sitaficha kwamba nilikasirika. Nilikasirika hadi nikakiweka kikombe cha chai chini. Akilini nilimwona Mwita akifunga magunia kwa mpira, akiniita dada, na nikajiona nikimshika huyu mama mikono kumshukuru. Nilitaka kuondoka. Lakini alikuwa mzee, miguu imevimba, na alikuwa analia bila sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa geni kabisa.

"Nataka unipeleke Kehancha," alisema. "Niseme kwake."

Tukaenda. Safari ilimchosha, tukapumzika Rongo, tukapumzika Migori, na pale Kehancha mwendesha boda mmoja tuliyemuuliza kwenye stage, kituo chao cha pikipiki, alitufikisha hadi kwao Mwita. Alipolisikia jina alicheka kidogo. "Yule wa kuchomewa?" akasema. Chairlady aliangalia upande mwingine.

Mwita tulimkuta kwenye banda la kukaushia tumbaku, macho mekundu kwa moshi. Alinitambua mara moja. Mama yake alituletea viti. Chairlady alikataa kukaa. Alisimama kwenye jua, akishikilia bega langu, akataja jina lake lote, lile ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kulisikia. Kisha akasema, "Gunia alichukua mtoto wangu Ochieng'. Nilijua siku hiyohiyo. Mimi nilichukua jina yako nikaficha yake nayo."

Mwita alifuta mikono kwenye suruali. Hakuonekana kushtuka.

"Asante kwa kuja na hiyo miguu, mama," alisema. "Mimi nilijua si mimi."

"Nitasema popote unataka. Hata kwa stage."

"Hapo kwa stage ndio walinikataa. Walisema hawawezi kuandikisha mtu alichomewa pikipiki kwa wizi. Mwaka ya kwanza, ya pili, mpaka nikaacha kuuliza. Hata wazee wa msichana mmoja walinikataa, huko Ntimaru, kwa sababu ya hiyo maneno." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na mimi ndiye niliyeona aibu ya kumtazama. "Lakini wewe ukisema, watasema nini? Watasema huyu ni yule mama aliyemwokoa, bado anamhurumia. Kila mtu anajua ulinihurumia, mama. Hiyo ndio walisikia mpaka huku."

"Sasa unataka nini?" Chairlady akauliza.

"Nataka yeye," Mwita akasema. "Asimame pale kwa stage, aseme. Simtaki kwa polisi. Simtaki apigwe. Aseme tu, hata dakika mbili, halafu aende."

"Nitamleta," Chairlady akasema. "Ngoja. Nitamleta."

Tuliporudi Migori tulimtafuta Ochieng'. Tulimkuta kando ya mto, mahali vijana wanapoosha magari, ameketi juu ya ndoo, amekonda, jino moja la mbele halipo. Kicheko kilikuwa kilekile. Alimkumbatia mama yake kwa furaha ya kweli, akamtafutia mahali pa kukaa kivulini, akamuuliza kama amekula. Nilimtazama nikaona kwamba hata mimi ningependa kumsamehe.

Mama yake alimweleza. Kehancha si mbali, alimwambia. Tutaenda pamoja kesho, nitasimama karibu na wewe. Ni jina na kitu tu. Hakuna mtu atakugusa, Mwita mwenyewe amesema.

Ochieng' alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akikamua kitambaa cha kuoshea ambacho hakikuwa na maji tena.

"Si umeshasema, mama?" akauliza.

"Nimesema yangu. Sasa ni yako."

"Mama," akasema, na hakuwa anacheza wala hakuwa na kiburi, ningeapa kwa hilo, "mimi hiyo kitu sijui kufanya. Nikifika pale nitasema nini? Ni wewe ulikuwa unanirudishia."

Nilimgeukia Chairlady nikisubiri ile sauti. Nilitaka niisikie, ile ya kufukuza korongo. Alikuwa amemshika mwanawe mkono, akiusugua kwa kidole gumba mahali palipoingia uchafu wa magari, akiusugua tu. Wenye magari walikuwa wanaita. Ochieng' aliinuka, akasema atakuja nyumbani Krismasi, akaenda.

Tulilala kwa jamaa zangu pale mjini, na asubuhi tukapanda gari la Homa Bay. Tulipokaribia Mbita alinigusa goti, akauliza kama nina namba ya simu ya Mwita. Nikamwambia ninayo, amenipa.

"Mwambie," akasema, "asiningoje."